Kereng'ende wa Ziwa la Matete

Mwezi uliopita nilipanda Kaloleni kwenda kumuaga Sidi kazini. Amefundisha sayansi katika shule ile ya wasichana mpaka nywele zimeota mvi, na siku ya kustaafu kwake walimtandikia turubai uwanjani, wakampikia pilau, wakamvisha leso mpya begani. Msichana mmoja aliinuka akamwuliza, "Mwalimu, kazi yako ya kwanza kabisa ilikuwa gani?" Sidi akanyoosha kidole nyuma, pale nilipokuwa nimeketi pamoja na wageni. "Mimi na yule mama pale," akasema, "tulikuwa tukilipwa kutazama kereng'ende." Wasichana wote waligeuka kunitazama huku wakicheka, wakidhani mwalimu wao anatania. Mimi nilinyoosha mgongo nikakaa vizuri. Nimefanya kazi ya maabara miaka mingi, nimetazama damu za watu chini ya darubini, nikawaambia wengine wana malaria na wengine hawana, na kazi hiyo naiheshimu. Lakini nikiulizwa ni lini nilikuwa mtu, kwa maana ya mtu anayejua anachokijua na anayeweza kusimama akakisema, nitasema ni mwaka ule wa Ziwa la Matete.

Habari za kwetu nitaziacha. Itoshe kusema nilikuwa binti wa mjini, mzaliwa wa Shela ya Malindi, nimezoea maji ya mfereji na bahari ya kutazamwa kwa mbali. Nilikuwa nimemaliza shule na sikuwa na la kufanya. Daktari Nasra, mwanamke wa Mombasa aliyesomea wadudu, alikuja kutafuta wasichana wawili wa kuishi mwaka mzima kando ya ziwa dogo huko juu ya mto Sabaki, wawe macho yake siku ambazo yeye yuko chuoni akifundisha. Sidi alichukuliwa kwa sababu alikuwa mwenyeji wa upande ule, anaijua lugha na anajua kuogelea. Mimi nilichukuliwa kwa sababu, nilipoulizwa ninaona nini kwenye kipande cha jani alichonipa, nilikaa nalo kimya muda mrefu kabla ya kujibu. Hilo aliniambia baadaye. Siku ile nilidhani nimeshindwa.

Tulipewa chumba kwa Hawe Kache. Hawe kwa Kigiriama ni bibi, na kila mtu pale alimwita hivyo, hata wasiokuwa wajukuu zake. Kilikuwa chumba cha udongo chenye paa la makuti, kitanda kimoja cha kamba tulicholala wawili, dirisha dogo lisilokuwa na kioo, na ukuta mmoja tuliochangia na jiko. Kwa hiyo chumba chetu kilinuka moshi na nazi, na hapakusemwa neno jikoni ambalo sisi hatukulisikia. Hawe alikuwa msusi wa mikeka. Ukindu wake ulitoka kwenye mikindu iliyoota kandokando ya ziwa, na tangu asubuhi mpaka jua la alasiri ulimkuta ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, vidole vikienda vyenyewe huku mdomo ukihoji wapita njia. Chakula chake hakikuwa na mapambo. Wari, ambao sisi tunauita sima, na mboga ya mutsunga, chungu kiasi kwamba siku ya kwanza machozi yalinitoka. "Kula, mwanangu," aliniambia. "Uchungu wa mboga huisha mdomoni." Baada ya miezi michache nilikuwa nikiifuata mutsunga mwenyewe shambani, na nilipokwenda mjini kutembea samaki wa kupaka wa nyumbani aliniona mgeni.

Kazi yetu ilikuwa kutazama. Nilidhani kutazama ni jambo ambalo kila mwenye macho hulifanya, mpaka Daktari Nasra alipotukalisha ukingoni akatuambia tumweleze jinsi kereng'ende anavyokamata mbu. Nikasema anamfukuza. "Umeona akimfukuza?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Tazama tena." Nikatazama wiki nzima. Kulikuwa na mmoja mkubwa, kifua kijani na mkia buluu, aliyelishika ziwa lile kama askari wa zamu, akienda na kurudi juu ya maji bila kutua, na dume mwingine akitokea wanapambana mpaka mmoja ahame. Yule ndiye niliyemfuata kwa macho. Sidi ndiye aliyepata neno kwanza. Alikuwa amekulia machungani, akasema, "Hamfukuzi. Anamkatia njia. Mbuzi akilielekea shamba la watu, hukimbii nyuma yake, unakwenda kumngoja pale atakapofika." Ndivyo ilivyokuwa. Kereng'ende humtazama mbu, akajua baada ya kufumba na kufumbua atakuwa wapi, akaenda kukutana naye hapo kwa chini, miguu yote sita ameikunja kama tenga. Mbu huingia mwenyewe kwenye tenga lile, na mlaji hashuki hata kukaa; humtafuna hukohuko hewani, mbawa za mbu zikidondoka majini.

Nilipoona hivyo mara moja, sikuweza tena kutoona. Kulikuwa na wale wadogo wenye mkanda mweusi mbawani, waliotufuata miguuni tulipotembea kwenye nyasi. Mwanzoni niliwaogopa, nikidhani wananitaka mimi. Kumbe walikuwa wakingoja wadudu tuliowashtua kwa nyayo zetu, kama kunguru wanaomfuata mkulima jembeni. Hawe aliposikia alicheka mpaka akauweka mkeka chini. "Basi nyinyi mnawapikia," akasema. Na ndani ya chumba chetu, chini ya kitanda, tulikuwa na beseni lake la kuoshea vyombo, alilotuazima kwa manung'uniko, limejaa maji ya ziwa na watoto wa kereng'ende. Watoto hao hawana uzuri wowote. Ni wadudu wa rangi ya tope, wasio na mbawa, wanaokaa chini ya maji miezi kadhaa kabla ya kuona jua. Lakini taya lao la chini limekunjwa chini ya uso kama mkono uliofichwa ndani ya shati, na kiluwiluwi cha mbu kikipita karibu mkono ule hutoka, hushika na kurudi kabla jicho halijajua. Nilikuwa nikilala kifudifudi sakafuni na taa ya chemni, nikiwalisha kama mtu anayefuga kuku.

Kati ya wote, tuliyempenda kuliko wengine ni yule wa mbawa nyeusi. Mbawa zake za nyuma zilikuwa na doa pana jeusi linalometa zambarau jua likilipiga, na hakuruka kwa kasi kama wenziwe. Alipepea kama kipepeo, kisha akatua kwenye ncha ya tete akatulia, upepo ukimbembeza. Aliwinda vivyo hivyo, kwa utulivu, akiinuka kuchukua kijidudu na kurudi juu ya tete lake. Daktari Nasra alimtafuta katika maziwa mengi ya pwani, na mengi kati ya hayo yalikuwa yamekauka au yamejengwa. Swali lake lilikuwa moja. Je, kereng'ende huyu anazaliwa hapa, au anapita tu?

Swali hilo lilikuja kuwa kubwa kuliko sisi. Jioni moja tukiwa chumbani tulisikia sauti ya Mjomba Kombe jikoni. Alikuwa mtoto wa ndugu yake Hawe, mtu mzima mwenye familia, mpole, na ardhi ya upande wa kusini wa ziwa alikuwa ameachiwa na baba yake. "Hawe," alisema, "kuna mtu anataka kununua ule upande wetu wa ziwa. Atajaza kifusi, aweke yadi ya malori yake." Tulisikia mwiko wa Hawe ukiacha kusonga. "Na mikindu yangu?" akauliza. Kombe akasema, "Mikindu iko mahali pengi. Mimi nina watoto wanne shuleni, Hawe. Tope halisomeshi mtoto. Na maji yale yanatuletea malaria kila mwaka, unajua." Hawe akasema, "Na hawa wasichana?" Kombe akajibu bila ubaya wowote, na ndiyo maana neno lile liliniuma: "Hawa wataondoka mwaka ukiisha. Mimi nitabaki na tope langu."

Sikuweza kumlaumu, na leo, mwenye watoto niliowasomesha, simlaumu hata kidogo. Chifu aliitisha baraza la kujadili kifusi hicho, lakini kabla yake Daktari Nasra alikuja akaketi nasi juu ya kitanda cha kamba. Hakutudanganya. Alisema kereng'ende hali mbu wote, na anayesema ziwa likiachwa malaria itakwisha ni mwongo. Akasema pia kwamba kama mdudu wetu anapita tu, mnunuzi atasema, na kwa haki, kwamba mdudu atapita kwingine. "Lakini kama anazaliwa hapa, hapa ndipo kwao. Hilo naweza kusimama nalo mbele ya mtu yeyote." Ili kujua, ilibidi aonekane akitoka majini. Mtoto wa kereng'ende akikomaa hupanda tete alfajiri, hujibanza, hupasua ngozi yake mgongoni na kutoka mwenyewe na mbawa. Ganda hubaki limeshika tete. "Ganda tupu halinitoshi," alisema, "yanafanana sana. Nataka ganda na mwenye ganda, bado mbichi, amelishika. Na nataka macho ya watu wawili. Jicho moja likitamani kitu hukiona hata kama hakipo."

Basi tulianza kuingia ziwani kila alfajiri, Sidi mbele, mimi nyuma nikiwa nimemshika leso. Sikujua kuogelea. Niliogopa ruba, niliogopa nyoka, niliogopa mamba ambaye kila mtu alinihakikishia kwamba yuko mtoni na haji ziwani. Tulipata maganda mengi. Tuliwapata wale wakubwa wa kijani wakitoka, na wale wenye mkanda, lakini mweusi wetu hatukumpata. Kisha baraza likiwa limekaribia, Sidi akashikwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Hawe alimfunika mikeka na mablanketi, akamnywesha dawa aliyopewa zahanati, na jirani mmoja akasimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika, "Maji yenu hayo." Nilikaa nikimkanda rafiki yangu kwa kitambaa cha maji, nikajiuliza kama ninalolitetea ndilo linalomchoma.

Alfajiri iliyofuata Sidi alifumbua macho akaniona nimeketi. "Hujakwenda?" akauliza. Nikamwambia siwezi kwenda peke yangu. "Maji ya upande wa matete marefu yanakufika kiunoni," akasema kwa sauti iliyokauka. "Nimeyapima mara nyingi. Kiunoni tu. Nenda." Nikafunga leso, nikachukua fimbo ya kupimia tope, nikaenda. Nakumbuka ubaridi wa maji ulipopanda magotini na jinsi nilivyohesabu pumzi badala ya kuhesabu hofu. Nakumbuka kwamba nilipofika katikati ya matete niligundua sijafa, na nilishangaa kama mtu aliyepewa habari njema ya mtu mwingine.

Akapanda mbele ya uso wangu. Mdudu wa tope, mdogo, mguu baada ya mguu, mpaka akawa juu kidogo ya usawa wa maji, akashika tete na kutulia. Nikajua nisisogee. Ngozi ikapasuka mgongoni, mstari mmoja, na kitu cheupe kikajitutumua kutoka ndani, kichwa chenye macho makubwa kuliko ganda lililoyabeba, kisha kifua. Akajitupa nyuma akaning'inia kichwa chini kama aliyezimia. Akakaa hivyo muda mrefu. Kisha akajiinua kwa ghafla, akashika ganda lake mwenyewe, akauvuta mkia wote nje, na mbawa zikaanza kukunjuka mgongoni mwake kama kanga mbichi iliyokunjamana ikafunguliwa. Nilihisi ruba kwenye muundi wangu nikamwacha anywe.

Hapo nikasikia maji yakipasuliwa nyuma yangu. Alikuwa Mjomba Kombe, anakuja kutazama mgono wake wa kunasia kambare. Akaniona nimesimama ndani ya maji kama nguzo. "We binti, una nini?" akaniuliza. Nilimjibu bila kugeuza kichwa. "Mjomba, shikamoo. Tafadhali usipige maji. Njoo polepole usimame hapa." Nilikuwa nikijua ninachokifanya. Palihitajika macho ya watu wawili, na duniani pote hapakuwa na jicho jingine la karibu ila la mtu ambaye angepoteza kwa kuona. Angeweza kunicheka akaenda zake. Angeweza kupiga hatua moja nzito, tete likatikisika, mdudu akaanguka majini, na yote yakaisha. Alikuja polepole, mgono begani, akasimama karibu nami. "Ni nini?" akanong'ona. Nikamwambia, "Anazaliwa."

Jua lilitoka likatupata mabegani. Mbawa zilikuwa nyeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, kisha zikawa kioo, na katika zile za nyuma pakaanza kujitokeza kivuli, kikakolea, kikawa doa pana jeusi. Lilipopigwa na jua likameta zambarau. Nilisikia pumzi ya Kombe ikisita. "Nimezaliwa hapa," alisema baadaye, kwa sauti ya kujisemea, "na sikuwahi kuliona jambo hili." Mdudu akatetemesha mbawa, akaruka vibaya vibaya mara ya kwanza, akatua kwenye tete la pili, kisha akaondoka. Ganda lilibaki. Nililichukua pamoja na kipande cha tete lake, nikalibeba kichwani hadi nyumbani, na Sidi, mwenye homa, alilishika mkononi akalia.

Siku ya baraza watu walijaa. Mnunuzi alimtuma mtu wake, kijana mwenye adabu, aliyesema maneno ya haki kuhusu kazi na barabara. Daktari Nasra alieleza alichokuwa akikitafuta, kisha akasema, "Mimi sikuwapo. Aliyekuwapo ni huyu." Sikuwa nimetarajia. Nilisimama mbele ya wazee, binti wa mjini mwenye makovu ya ruba miguuni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema mbele za watu nilichokiona, tangu kilipopanda tete mpaka kiliporuka, bila kuongeza na bila kupunguza. Nilisikia sauti yangu ikinyooka nilipokuwa nikiendelea. Nilipomaliza, mzee mmoja akauliza, "Nani mwingine aliyeona?" Sikumtaja Kombe, kwa sababu niliona si haki kumvuta mtu ashuhudie dhidi ya riziki yake. Kombe alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viganja vyake. Kisha akainuka, akavua kofia.

"Mimi niliona," akasema. "Tulisimama pamoja. Msichana hajaongeza neno." Mtu wa mnunuzi akamwuliza, kwa upole, kama anajua anachokisema. "Najua," Kombe akajibu. "Sikusema sitaki kuuza. Nina mahitaji, na wote mnayajua. Lakini nikiulizwa nilichoona, nilikiona. Yule mdudu ni wa hapa." Akaketi.

Chifu aliamua kifusi kisimwagwe mpaka wakaguzi wa mazingira waje, nao walikuja, na ziwa likaachwa. Kombe alimwuzia mtu mwingine kipande cha juu, chenye mkorosho, kwa bei ndogo kuliko ile aliyoahidiwa. Watoto wake walisoma. Mmoja wao alifundishwa na Sidi. Nilikwenda kulitazama ziwa baada ya sherehe ya Kaloleni. Limepungua upande wa barabara, na takataka zipo, lakini matete yapo, na wenye mbawa nyeusi wapo juu yake.

Lakini ninapokumbuka mwaka ule, sikumbuki uamuzi wa chifu. Nakumbuka chakula cha mchana wa siku ile ya baraza. Tulirudi kwa Hawe watu wengi, wazee na Daktari Nasra na Kombe, na Sidi alikuwa ametoka nje mara ya kwanza tangu homa, ameegemea ukuta amejitanda leso. Katika nyumba ile wanaume wazee ndio waliopakuliwa kwanza, kisha wageni, kisha wengine, na wasichana walikula wa mwisho pamoja na walioipika sima. Haikuwa sheria iliyosemwa. Ilikuwa tu hivyo, siku zote nilizoishi pale. Hawe alitoka jikoni na sinia ya kwanza, kambare wa nazi juu ya sima inayotoa moshi. Wazee wakajisogeza. Kombe, aliyekuwa karibu zaidi, akanyoosha mikono kupokea. Hawe akampita. Akaja mpaka pale tulipoketi mkekani, Sidi na mimi, akainama kwa magoti yake mabovu, akaiweka sinia kati yetu. Hawe akasimama mbele yetu, mikono kiunoni, akingoja, na wazee wakangoja, na Kombe akakunja mikono yake akangoja pia, mpaka tulipokata tonge la kwanza.